Anayetumwa Ndiye Anayesifiwa

Nafundisha darasa la awali huku Mgeta, wilaya ya Mvomero, ambako kabichi na njegere zimepandwa kwenye miteremko mikali mpaka mgeni anajiuliza mkulima anasimamaje. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iufanye mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, watoto tunawapokea wangali wadogo sana, na nyenzo yetu ya kwanza ni makofi. Mtoto akitaja irabu zote tano: "Mpigieni makofi ya kilo!" Darasa zima linarindima, naye kasimama mbele anatafuna kola ya shati.

Wengi kelele hizo ni ngeni kwao. Nyumbani wanapendwa sana, ila mtu mzima hamwambii mtoto usoni kwamba ana akili. Atadeka, wanasema, na wapo wanaohofia kijicho. Sifa huambiwa mtu mwingine, mtoto akisikia.

Bibi mmoja alikuja kuulizia maendeleo ya mjukuu wake. Nikamfunulia daftari, nyota na "Vizuri sana" ya wino mwekundu. Akaitazama, akalifunga. Kisha akaniambia, mtoto mwenyewe kashika pindo la khanga yake: "Huyu, mwalimu wangu, namtuma mashineni. Unga unafika, chenji inarudi. Hata mbuzi wa maziwa, yeye ndiye anayewapelekea majani." Hakumtupia jicho hata mara moja. Lakini mtoto alijinyoosha kama askari wa gwaride. Kwa Waluguru wa huku ukoo hufuata upande wa mama. Neno la bibi mzaa mama, au la mjomba, nyota zangu hazilifikii.

Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwahi kuwauliza watu wazima wa Kichewa, mashariki mwa Zambia, likitokea jambo wangemtuma mtoto yupi. Kwao akili ilikwenda pamoja na kuaminika. Angeuliza Mgeta, angejibiwa kabla hajamaliza swali.

Makofi nayo yana hasara yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, huko Marekani, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walilegea zaidi walipokwama kuliko waliosifiwa kwa bidii. Hilo nalishuhudia: bingwa wa makofi akikosea leo, kesho hanyooshi mkono.

Sijayaacha, watoto wanayafurahia, na asubuhi za baridi yanawachangamsha. Ila sasa natuma pia. Huyu atunze ufunguo wa kabati, yule ahesabu penseli, mwingine apeleke daftari la mahudhurio kwa Mwalimu Mkuu. Kuna mmoja irabu zinampiga chenga bado, lakini ufunguo haujawahi kumpotea, na wenzake wanalijua hilo.

Mzazi mmoja aliyehamia kutoka Morogoro mjini alinijia juu: mwanawe kaletwa kusoma au kutumwa? Nikamkaribisha aje asubuhi, aone wanavyougombania huo ufunguo, na wa kwake yumo.