Maziwa na Tumbo la Mgeni

Katika Garissa maziwa ya ngamia ni chakula, tena ni heshima ya mgeni. Nilipohamishiwa huko kufundisha, wenyeji wangu waliyanywa wakashiba. Mimi nilisokotwa na tumbo usiku kucha. Nilipoanza kuyakataa, baadhi ya wanafunzi walidhani nawadharau wazazi wao.

Kumbe sababu ilikuwa urithi. Sukari ya maziwa haifai kitu mwilini mpaka ivunjwe na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto huzaliwa nacho, lakini kwa watu wengi duniani hupungua wakuapo. Sukari isiyovunjwa huchachuka utumboni ikaleta gesi na kuhara. Wengine hurithi badiliko dogo la jeni, na kimeng'enya hicho hudumu hata uzeeni. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa habari ya uchunguzi wa watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan. Walipata mabadiliko matatu ya namna hiyo, yasiyo sawa na lile la Ulaya. Lakini hata katika wafugaji wenyewe wako wasioyarithi.

Mzee mmoja aliposikia shida yangu alinipa suusaa, yaani maziwa yaliyochacha, ambayo vijidudu vimekwisha kula sehemu ya sukari yake. Niliyanywa kwa amani.

Basi, kijana, usipime adabu ya mtu kwa tumbo lake. Akataaye kikombe pengine hakukikataa kwa moyo. Na mwenyeji mwema hamlazimishi mgeni, humtafutia anachokiweza.