Pesa ya kwanza iliishia kwenye freni

Gari lenyewe ni kuukuu: Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lililoonyeshwa Chicago mwaka 1989. Lina viti viwili tu, paa la turubai, injini ya lita 1.6, na uzito wake haufiki kilo 1000. Kijana aliyelinunua ni mtoto wa Fizi. Alikulia katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akahamishiwa Marekani pamoja na mama yake, na leo ni fundi katika garaji moja ya mji wa Columbus, jimbo la Ohio.

Mama alipoliona nyuma ya nyumba, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza: "Mwanangu, hili linabeba nini?"

Halikubeba kitu. Alilinunua ili alipeleke kwenye kiwanja cha mbio cha Mid-Ohio, siku ambazo watu wa kawaida wanalipa na kukimbiza magari yao, bila mshindi wala zawadi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kaka yake mkubwa yuko Uvira, na kila mwezi simu inalia: minervali ya watoto, dawa, chakula cha jamaa waliokimbia vita milimani wakafikia kwake. Kaka aliposikia habari ya gari, aliuliza jambo moja tu: pesa hiyo ingelisha watu wangapi? Kijana hakuwa na jibu. Tangu siku ile, anatuma kwanza ya nyumbani. Inayobaki, hata ikiwa dola kumi, ndiyo ya gari.

Wenzake wa garaji walimshauri aanze na injini, aiongezee nguvu. Yeye akaanza na freni.

Baba yao, kabla ya kukimbia, alikuwa shofere wa kamio kati ya Bukavu na Uvira. Anayepita njia hiyo anaujua mteremko wa Ngomo: kona juu ya kona, mlima upande mmoja, shimo upande mwingine. Kambini, mzee aliwasimulia mara nyingi siku ambayo pedali ya freni ilizama mpaka chini. Aliponea kwa kulisukumia kamio kwenye ukuta wa mlima. "Freni hazikuvunjika," alikuwa akisema. "Zilichoka."

Kijana alilielewa neno hilo alipojifunza ufundi. Mafuta ya freni yananyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya digrii 230. Yakisha kunyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye digrii 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unakanyaga, gari haisimami. Kiwanja cha mbio kinachosha freni kama Ngomo inavyozichosha: zinakanyagwa tena na tena, hazipati nafasi ya kupoa.

Basi alimwaga mafuta yote ya zamani, akatia mapya. Akabadilisha mipira midogo inayopitisha mafuta hayo, akaweka vitambaa vya freni vinavyovumilia moto. Nyuma ya viti alifunga chuma kinene cha kulinda vichwa gari likipinduka, maana turubai haliokoi mtu. Injini aliibadilishia oili na maji ya kupoza tu.

Siku ya kwanza kiwanjani, akiwa na kaske kichwani na mwalimu pembeni, karibu kila gari lilimpita. Lakini jioni pedali ilikuwa ngumu kama asubuhi.

Usiku ule alipigia Uvira. Kaka yake naye ni shofere, amerithi kazi ya mzee. Kamio lake linabeba mizigo, na juu ya mizigo wanakaa watu.

"Yaya, mafuta ya freni mulibadilisha lini?"

Kimya. Kisha: "Tunaongeza tu yakipungua."

Walipoyamwaga yalitoka meusi kama kahawa. Vitambaa navyo vilikuwa vimeisha, karibu chuma kilale juu ya chuma. Siku ya pili ya Mid-Ohio haikufika. Pesa yake ilinunua freni za kamio.

Maneno aliyomrekodia kaka yake kwenye simu sasa yanasikilizwa na mashofere wengine: badilisha mafuta ya freni angalau kila baada ya miaka 2; usiache kopo lake wazi; tia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, si katikati; ukisikia pedali inalegea, simama mapema upoze, hata abiria wakinung'unika.

Mazda bado iko nyuma ya nyumba, inangoja pesa nyingine. Mvua ikikaribia, mama ndiye anayetoka kuifunika.