Kentucky Si Kuku Tu, Jamani!

Mpenzi msomaji, ukitaja Kentucky hapa mtaani kwetu Morogoro, wa kwanza kukujibu atasema kuku. Na mimi nilikuwa kwenye kundi hilo hilo mpaka Desemba 2021. Leo nakupa mkasa mzima, ukitaka kucheka cheka tu, nimeshazoea.

Kaka yangu mkubwa yuko huko, mji wa Louisville, anapanga maboksi usiku kwenye ghala. Sisi huku tukisema fulani anabeba maboksi majuu huwa tunamkejeli, kumbe Louisville si utani. Uwanja wao wa ndege ndio kituo kikuu cha UPS, wale wasafirisha vifurushi, ndege zinashuka na kupaa usiku kucha. Halafu uwanja wenyewe tangu 2019 unaitwa kwa jina la Muhammad Ali. Hapo nitarudi.

Sasa dhambi yangu. Katikati ya mwaka ule kaka alituma hela ya bati za nyumba ya mama. Hela ikapitia kwangu, maana simu ya mama ilikuwa imeibiwa sokoni na yangu ndiyo ilikuwa simu ya familia. Basi bwana, nikanunua redio kubwa yenye spika mbili na viatu, zilizobaki zikaishia kwa washikaji. Kaka akajua, sijui nani alimtonya. Akanipigia, hakutukana. Alisema "asante sana mdogo wangu" akakata. Kuanzia siku hiyo kimya, na kwa kuwa alinikata mimi, akawa amemkata na mama. Mama akiuliza, namwambia kaka ana kazi nyingi. Miezi mitano nadanganya!

Jumamosi tarehe 11 Desemba, saa kumi jioni, redio ile ile ya dhambi ikasema kimbunga kimepiga jimbo la Kentucky usiku uliopita, watu wengi wamekufa, na kiwanda cha mishumaa kimebomoka wafanyakazi wa zamu ya usiku wakiwa ndani. Mama alikuwa anachambua mchele. Alisikia Kentucky, akasikia kiwanda, akasikia zamu ya usiku. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, hiyo Kentucky ni kubwa kiasi gani?"

Msomaji, mimi Jiografia ya kidato cha nne nilipata F. Sikuwa na jibu. Na simu haikuwa na hata senti ya vocha. Nikatoka mbio kwa mwalimu mmoja mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye atlasi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule uliyekuwa unalala darasani kwangu? Haya, leo umeikumbuka ramani."

Akavaa miwani. Mji uliopigwa unaitwa Mayfield, uko magharibi kabisa ya jimbo. Louisville iko juu kaskazini, kando ya mto Ohio. Akapima kwa rula: kama kilomita 300, zaidi ya kutoka Morogoro mpaka Dar. Kentucky yenyewe ina kilomita za mraba kama 104,000, yaani Tanzania inaimeza karibu mara tisa, na watu wake ni kama milioni nne na nusu. Moyo ukashuka kidogo. Kidogo tu, maana kaka nilikuwa sijamsikia.

Nikaaga, wapi! Mwalimu akimpata mwanafunzi hamwachii. Akaanza na huo mto. Ng'ambo ya kaskazini watu walikuwa huru, upande wa Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa, kwa hiyo mtumwa akiuvuka Ohio alikuwa ameanza safari ya uhuru. Vita vya Marekani vya 1861 mpaka 1865, Kentucky haikujitenga na serikali ya Lincoln, lakini watumwa wake haikuwaachia mpaka Katiba ilipobadilishwa Desemba 1865. Na bunge la jimbo lilikuja kuyaridhia mabadiliko hayo mwaka 1976! Nilidhani amekosea tarakimu, nikamuuliza mara mbili. Lincoln mwenyewe alizaliwa humo humo Kentucky mwaka 1809, na mpinzani wake Jefferson Davis, rais wa waliojitenga, naye kazaliwa humo humo mwaka 1808.

Hata ule mchezo wao mkubwa wa farasi, Kentucky Derby, unaofanyika Louisville kila Mei, ulipoanza 1875 wapanda farasi walikuwa 15, na 13 kati yao weusi. Mshindi Oliver Lewis, mweusi. Baadaye wakasukumwa nje, na tangu Jimmy Winkfield aliposhinda 1902 hajashinda mweusi mwingine pale.

Na kuku? Sanders mwenyewe si mzaliwa wa Kentucky, katokea Indiana. Aliuza kuku kwenye kituo cha petroli mji wa Corbin, na ukanali wake ni wa heshima tu, alipewa na gavana, si wa mizinga.

Lakini mwalimu alipofika kwa Ali sauti ilibadilika. Mtoto wa Louisville, kazaliwa 1942, ana miaka 12 baiskeli yake ikaibiwa. Akamwendea polisi akilia, anasema atampiga mwizi. Polisi Joe Martin, aliyekuwa anafundisha ngumi, akamwambia jifunze kwanza kupigana. Mwaka 1960 akaleta medali ya dhahabu ya Olimpiki kutoka Roma. Mwalimu alikuwa Dar Februari 1980 Ali alipokuja, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. "Tulimpenda sana, lakini ujumbe wake tuliukataa," alisema mzee, huku anafunga atlasi polepole. Ali alifariki 2016, kazikwa Louisville kwao.

Nikakopa vocha dukani. Ilikuwa saa mbili usiku, kule saa sita mchana, mtu wa zamu ya usiku amelala. Nikapiga, haikupokelewa. Mara ya pili, haikupokelewa. Mama kanikodolea macho. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Shikamoo kaka."

Kimya. Nasikia anavyopumua.

"Mpe mama," akasema.

Nikampa. Mama alilia kwanza, ndipo akasalimia. Kaka alikuwa mzima, kwao ulivuma upepo tu, na alisema ghalani yuko na Wakongo kibao wanapiga Kiswahili usiku mzima, hata hasikii upweke. Nikadhani nimepona. Halafu mama, kwa furaha yake, akasema: "Baba, ukipata nafasi utukumbuke na bati, mvua inatunyeshea humu ndani."

Sikusikia aliyojibiwa. Niliona tu uso wa mama. Alisikiliza muda mrefu, akasema "haya baba, Mungu akulinde," akanirudishia simu. Hakusema kitu. Akachukua ungo wake, akaendelea na mchele.

Jumatatu niliipeleka redio sokoni. Ilirudisha bati tisa, na chumba cha mama na jiko vilitaka ishirini. Zile kumi na moja nilizinunua moja moja kwa hela ya makala hizi, mpaka mhariri akiniona mlangoni anauliza leo ni bati ya ngapi. Kaka anapiga kila Jumapili. Anaanza na mama, siku hizi akimaliza anasema nipewe na mimi.