Kabichi za Mgeta nilizihesabu nikiwa angani

MWENZENU nina kisa ambacho kimeninywesha bia za bure hapa Morogoro, mji kasoro bahari, kwa miaka mitatu sasa. Nikikianza tu, meza nzima inanyamaza. Leo nakisimulia kwa mara ya mwisho, na sitaki bia ya mtu.

Tulikuwa abiria watatu na rubani wetu, tunatoka Kilombero kurudi Morogoro kwa ndege ndogo ya kukodi. Milima ya Uluguru si unaijua tena: asubuhi iko wazi kama kiganja, mchana imejifunika shuka jeupe. Rubani aliona wingu mbele, akasema tutalipita pembeni. Kumbe na pembeni lipo! Dirisha likawa jeupe tupu, kisha wingu likapasuka kidogo, nami nikaona matuta ya kabichi. Weee! Si kabichi za mbali, ni kabichi za kuhesabu moja moja, na mama mmoja kasimama na jembe lake anatushangaa. Mgeta hiyo! Rubani aliivuta ndege juu mpaka nikahisi tumbo langu limebaki kule shambani. Hakuna aliyetamka neno mpaka tulipoona mabati ya mjini.

Tulipotua, jasho likimtiririka, rubani akatuambia, "Wakubwa, tumshukuru Mungu. Haya yaishie hapa hapa, nina watoto." Tukaitikia amina. Nani alitaka kukitia mchanga kitumbua cha mwenzake? Funika kombe mwanaharamu apite. Tukaagana, na mimi huyo, moja kwa moja baa.

Sasa Jumapili iliyopita mtoto wa dada yangu, binti anayesomea urubani, alikuja kunisalimia nyumbani Kilakala. Kwetu Waluguru mtoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo huyu ni wetu hasa, na mjomba mtu lazima awe na neno la kumwachia. Nikamwachia kisa cha kabichi, nikangoja acheke. Hakucheka.

"Mjomba, mliripoti wapi?"

"Kuripoti nini, mwanangu? Hakuna hata aliyekwaruzika."

"Ndiyo ilikuwa nafasi yenyewe, Mjomba. Hilo ni somo la bure."

Akanipa darasa. Ajali, kwa lugha yao, ni pale mtu anapokufa au kuumia vibaya, au ndege inapoharibika vibaya. Lakini na kunusurika nako kuna jina, kunaitwa tukio, na kwa hapa kwetu habari zake zinapaswa kuifikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Akasema hata kanuni za shirika la kimataifa, ICAO, zinataja wazi kwamba uchunguzi lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kubebeshwa lawama.

Kisha akanisimulia habari ya Marekani iliyonikata maini. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA ikielekea kutua Washington iligonga mlima huko Virginia, na watu wote 92 wakafa. Wiki sita kabla, ndege ya kampuni nyingine, United, ilikuwa imeponea chupuchupu kuugonga mlima huo huo. Marubani wake walisema, na kampuni yao ikawaonya marubani wake. Basi. Onyo halikuwafikia wale wa TWA. Mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha utaratibu mpya: rubani, fundi au mwongoza ndege anapeleka taarifa yake NASA, ambao si watoa adhabu, na jina lake linaondolewa.

"Sawa," nikasema, "na yule baba wa watu je? Ana watoto."

"Huenda akaulizwa maswali magumu, Mjomba, sikufichi. Lakini mnajua kwa nini aliingia pale? Labda alipewa hali ya hewa iliyopitwa na wakati. Labda kuna mtu alimharakisha. Mkinyamaza, hiyo sababu inabaki pale pale mlimani inamngoja mwingine. Na siku moja atakayepita pale ni mimi."

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Niliangalia juu kwa Lupanga, mlima wa zaidi ya mita 2,100, na ulikuwa umeshaanza kujifunika. Kumbe kisa changu nimekipeleka kila baa ya mji huu, ila ofisi moja tu iliyokihitaji ndiyo sikuipelekea! Nilidhani namsitiri rubani. Kumbe nilikuwa nauza siri yake kwa chupa mbili tatu, halafu najiita muungwana.

Usiku ule nilichukua karatasi nikaandika: tulikotoka, tulikokuwa tunakwenda, wingu, matuta, mama na jembe lake. Sikumsema mtu vibaya, niliandika nilichokiona tu. Nilipofika kwenye tarehe na saa, kalamu ikagoma. Ilikuwa Jumanne au Jumatano? Saa saba au saa tisa? Kabichi nazikumbuka, bia zote nazikumbuka, siku yenyewe imenitoka.

Barua nimeituma hivyo hivyo. Wewe msomaji, ukinusurika, andika siku ile ile, kabla hujaagiza kinywaji.