Mto Unanikumbuka na Ndoo

Wacha niseme kitu sijawahi kusema: ile video yangu ya mto, ile mlisambaza sana, niliifuta mwenyewe. Hakuna mtu aliiripoti. Mathe aliiangalia mara moja tu, akaniuliza swali moja, na kuanzia hapo nikakosa amani nayo.

Turudi nyuma kidogo.

Nimelelewa Mathare, karibu na mto kiasi kwamba mtaa ukinyamaza usiku ungeusikia ukipita nyuma ya mabati. Mwisho wa Aprili 2024 mvua ikanyesha vile sote tunakumbuka. Maji yaliingia kwetu saa nane usiku bila kubisha. Tulitoka na simu mbili, sare ya shule ya ndugu yangu mdogo na mtungi wa gesi. Usiniulize kwa nini mtungi. Asubuhi, ukuta wa upande wa mto haukuwepo. Siku chache baadaye amri ikatoka kwamba kila anayeishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame, halafu tingatinga zikaja kumaliza kile maji yalikuwa yamebakisha.

Kabla zifike, nilirudi kuchokora kwa tope. Chini ya kitanda nikapata albamu ya mathe. Picha 31, zimeshikana kama chapati zilizowekwa moto.

Kama umewahi kupata picha za aina hiyo, usizivute. Ukivuta, uso wa mtu unabaki kwa mgongo wa picha nyingine. Nilizilowesha kwa beseni la maji safi mpaka zikaanza kuachana zenyewe, moja moja, halafu nikazianika kivulini kwa kamba na vibanio vya nguo. Zilizopona ni 12. Lakini hata hizo, maji yalikuwa yamezichora upya. Rangi zilikuwa zimetiririka: zambarau hapa, manjano pale, na mstari wa tope chini kama mtu amepiga rula. Kwa moja niko na miaka kama minne, nimevaa gauni la Krismasi, nimesimama mbele ya lile pazia la studio za mtaani lenye picha ya maporomoko ya maji. Fikiria hiyo. Tulikuwa tunaishi kando ya mto, halafu tunalipa pesa kupigwa picha na mto wa karatasi.

Mimi hutengeneza video, so nikafanya kile najua. Nikapiga picha hizo 12 kwa simu karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi. Rafiki yangu akanipa klipu za droni. Nikaweka kinanda cha huzuni chini, rangi nikazififisha, na sauti yangu juu: “Walituchafulia mto. Walituibia utoto.” Ikashika moto. Kwa siku mbili simu haikulala. Watu walilia, wengine wakaniandikia kwamba mimi ni sauti ya mtaa. Sitadanganya, nilijisikia poa sana.

Kisha nikamwonyesha mathe. Sasa tunaishi chumba kimoja mbali na mto, na alikuwa anachambua mboga. Aliangalia mpaka mwisho, akafuta mikono kwa leso.

“Hiyo ‘wali’ ni akina nani?”

Nikaanza kueleza mambo ya mfumo, viwanda, majitaka ya jiji. Akaniacha nimalize.

“Sawa. Lakini si ni wewe nilikuwa nakutuma na ndoo?”

Wasee, nilikuwa nimesahau. Sisemi nilikuwa naficha. Nilikuwa nimesahau kabisa, vile mtu anasahau jina la mwalimu wa chekechea. Lakini akishasema, yote yakarudi na harufu yake. Ndoo nyeupe ya rangi, mshipi wake umeunganishwa na waya. Kila jioni baada ya chakula ilikuwa zamu yangu: maganda ya viazi, majivu ya jiko, maji ya kufulia, nepi za ndugu yangu zimefungwa ndani ya juala. Nashuka mpaka kwa jiwe, namwaga, narudi mbio.

Na hii ndiyo sehemu iliniuma zaidi: nilikuwa napenda. Tulikuwa tunashuka watoto watatu wanne, kila mtu na ndoo ya kwao, tunarusha majuala kwa wakati mmoja halafu tunakimbia kando ya maji kuona la nani litapita chini ya daraja kwanza. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano yetu ya mashua. Mambo ya majuala yalikuja kukatazwa nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017. Kabla ya hapo nilikuwa bingwa.

Nilikaa na hiyo kitu kwa wiki. Nikamkumbuka Wangari Maathai. Akipokea Tuzo ya Nobel kule Oslo mwaka wa 2004, alisimulia kijito cha karibu na kwao, vile mama yake alikuwa anamtuma kuchota maji, na vile alikuwa anacheza kati ya majani ya nduma akijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Yeye alitumwa kuchota. Mimi nilitumwa kumwaga. Sote tulikuwa watoto, sote tulitii mama zetu, sote tulicheza. Tofauti ni mto ambao kila mmoja alikabidhiwa.

Ndiyo maana sitaki mtu asome hii aseme, “Mnaona? Hata yeye amekubali, watu wa mtaa ndio wachafu.” Tulia. Gari la taka halikuwa linafika kwetu. Barabara ya kulipitisha haikuwepo. Mathe angeweka wapi nepi, chini ya mto wa kulalia? Na maji yalikuwa yanafika kwetu tayari yamebeba mambo ya watu wa huko juu, watu ambao wakivuta maji chooni hawajiulizi yanaenda wapi. Ndoo yangu ilikuwa kweli, na mabomba yao yalikuwa kweli. Nikitoa moja kwa hadithi, nimedanganya.

Lakini video yangu ilikuwa imetoa moja. Nilikuwa nimejiosha kwa maji yale yale nililalamika ni machafu. Na kwa kujiosha, nikamfuta mathe pia, kwa sababu kwa video alikuwa tu mama wa huzuni kwa picha iliyochubuka, hana sauti, hana neno.

Nikaifuta. Halafu nikaanza upya.

Safari hii nilianza na sauti. Nilirudi darajani saa kumi na mbili asubuhi, nikavalisha simu soksi ili upepo usiharibu, nikarekodi mto dakika kumi. Ukisikiliza vizuri si mto tu. Kuna jogoo, kuna mtu anapiga mswaki, kuna mkokoteni. Kisha nikamketisha mathe na zile picha 12, moja moja, nikamwomba aniambie kile hakionekani. Akaniambia alipofika Mathare kulikuwa bado na watu wanapanda nduma na sukuma kando ya maji. Akaniambia picha ya gauni la Krismasi ilipigwa kwa deni. Kwa picha moja uso wake umeyeyuka kabisa. Akacheka. “Hapo ndipo nilikuwa mrembo, na mto umenichukua.” Hiyo niliiacha vile ilivyo, bila kinanda.

Mwisho nikaongeza sauti yangu. Sikuhutubia. Nilisoma tu kile kilikuwa ndani ya ndoo, jioni moja baada ya nyingine, halafu njia yake: Mto Mathare unaingia Mto Nairobi, Nairobi unaingia Athi, Athi mbele huko unaitwa Galana, halafu Sabaki, halafu unamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Sijawahi kufika Malindi. Ndoo yangu labda imefika.

Tuliionyesha Jumamosi jioni kwa ukumbi mdogo wa mtaa, projekta ya kuazima, shuka jeupe la mathe likiwa ukuta. Watu kama 40, wengi wao majirani wa zamani ambao sasa wametawanyika. Nilikuwa naogopa ile sehemu ya ndoo. Nilidhani watasema nimewaaibisha.

Nilipofika kwa maganda ya viazi, mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, “Na mimi mafuta ya gari.” Kimya kidogo. Mama mwingine: “Mimi maji ya kuku.” Wakaanza kutaja, mmoja baada ya mwingine, wengine wanacheka, mmoja analia. Halafu mama wa kuku akaamka, akaenda mpaka kwa shuka, akaweka kidole kwa ukingo wa picha, pale penye doa la manjano. “Nyumba yangu ilikuwa hapa.” Mwanga wa picha ulikuwa unampita mkononi. Nilisimamisha picha hapo. Hakuna aliyeniambia niendelee.

Hiyo video sijaipandisha, na sijui kama nitaipandisha. Mathe ameniambia uamuzi ni wangu, lakini sauti ni yake, so tunaongea.

Kama na wewe unatengeneza kitu kuhusu mahali ulikolelewa, mto, msitu, jalala, chochote, kabla utafute muziki wa huzuni, muulize aliyekulea kile ulikuwa unafanya pale. Uliza simu ikiwa inarekodi. Na akikuuliza “wali ni nani,” usikimbilie kujibu.