Siku niliposimama mulangoni na daftari

Mimi ni kapita wenu, niko na miaka 18, na mtihani wa Leta uko karibu. Mbele ya kuondoka hapa Bukama ninataka kusema jambo moja lenye kunisumbua roho.

Munakumbuka yule mwandishi wa vitabu vya watoto aliyetuandikia barua. Alisema anaweza kuja kusomea watoto wa kalasi ya saba na ya nane, na kuwaonyesha namna ya kutunga hadisi, kama tunamulipa. Bei iligawanywa: kila mutoto franka 2000. Kazi ya kukusanya feza nilipewa mimi. Nilifurahi, kwani kapita anapenda kuonekana.

Siku ile nilisimama mulangoni na daftari. Mwenye jina lake liko na alama, aingie. Mwenye hana, arudi. Mutoto mmoja wa kalasi ya saba akaniambia: «Kapita, miye sina na makuta. Baba iko ku ziwa, bado kurudi. Uniache nisimame tu ku dirisha.» Nikamujibu: «Sheria ni sheria.» Akaenda zake upande wa muto. Hakulia, hakugeuka.

Ndani walicheka mpaka na mimi wa inje nilicheka. Kesho yake mwalimu akawapa kazi ya kuandika mambo waliyosikia. Yule mutoto akatoa karatasi yenye jina lake tu. Mwalimu alinionyesha ile karatasi, hakusema neno.

Tangu siku ile ninasikia maneno mawili hapa masomoni. La kwanza ni hili: «Mwandishi alikula feza yetu bure. Hadisi hazilipwi, babu anasimulia bila kuomba kitu.» Wandugu, hapana. Babu naye tunamulipa: tunamutekea maji, tunamuletea kuni, anatutuma na tunakwenda mbio. Na mvuvi aliyelala usiku katika mutumbwi juu ya Lualaba, nani atamuambia sokoni atoe samaki bure kwa sababu anapenda kuvua? Mwandishi ni vilevile. Kitabu kidogo cha watoto kinaweza kumaliza miezi mingi, na kwa kila kitabu kinachouzwa yeye anapata sehemu ndogo tu. Katika Ufaransa, waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto waliungana mwaka wa 1975 katika shirika linaloitwa la Charte. Moja ya kazi zake ni kuonyesha bei ya haki kwa mwandishi anayetembelea masomo, na kwa siku nzima bei ile inapita euro 400. Na tuko na mutoto wa kwetu, Dominique Mwankumi, aliyezaliwa Kongo mwaka wa 1965, aliyetunga na kuchora kitabu La pêche à la marmite, juu ya kuvua samaki. Naye anafundisha watoto kuchora. Ile ni kazi sawa kazi ingine.

Lakini muangalie: kule Ufaransa, mara nyingi ni masomo, ao librari, ao mji wenye kulipa. Mutoto haulizwi feza mulangoni.

Neno la pili ni hili: «Mwenye hana feza asisikie.» Lile lilikuwa neno langu mwenyewe. Tangu mwaka wa 2019 masomo ya musingi ya Serikali ni bure katika inchi yetu, lakini sisi wa sekondari wazazi wanalipa, na wengi wetu tunajua haya ya kufukuzwa juu ya minervali. Mimi pia zamani nilikaa nyumbani siku nane, nikitazama wenzangu wakipita na vitabu. Namna gani nilisahau?

Basi nikaenda kumutafuta yule mutoto, nikamuomba musamaha. Alinyamaza kidogo, kiisha akasema: «Sasa unisimulie.» Nikaanza. Hadisi yenye ilichukua saa moja katika kinywa cha mwandishi, mimi nilimaliza mbio sana. Mutoto akaniangalia: «Ni yote?» Ni yote. Sikujua pa kunyamaza, sikujua pa kupandisha sauti, nilisema mwisho mbele ya wakati. Pale ndipo nilifahamu bei ya ile kazi, na pale ndipo nilifahamu kitu nilichomunyima.

Kwa hiyo ninaleta shauri kwa Mzee Prefe na kwa komite ya wazazi. Mwandishi akikuja tena, tumulipe bei yake yote, tusimupunguzie. Lakini feza itoke katika mavuno ya shamba letu, ile tunayolima sisi wote, mwenye kitu na mwenye hana. Tununue vitabu vyake viwili vibaki hapa. Na mulango ukae wazi.

Mwaka kesho kapita atakuwa mwingine. Ndugu yangu, daftari nitakuachia. Karatasi ya majina ya siku ile nimekwisha kuitoa. Ukikuta pahali iliporaruliwa, usishangae.

Kapita wenu, kalasi ya mwisho