Pampu Isiyolingana na Kabureta

Ndugu msomaji, kama kompyuta ya gari lako imekufa, na fundi amekushauri ulitie kabureta, soma kwanza kisa changu kabla hujatoa fedha yako.

Pikapu yangu ilitoka kiwandani na mtambo wa kupuliza petroli kwa nozeli, ukiongozwa na kompyuta. Masika moja maji yakaingia katika kompyuta hiyo, ikafa, na bei ya nyingine ikanishinda. Fundi mmoja akaniambia, "Mzee, tukufungie kabureta ya zamani. Haina kompyuta, hata kijijini itatengenezeka." Hapo hakusema uongo. Akafunga kabureta, akafunga na distribyuta ya zamani ili moto wa plagi nao usiitegemee kompyuta. Lakini pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi aliiacha ile ile. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba pampu ni pampu. Nami nilifurahi kusikia hivyo, kwa kuwa nilitaka kuokoa fedha.

Injini iliwaka, lakini ilitoa moshi mweusi, ikanywa petroli kama maji. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, niliona oili imekuwa nyepesi, nayo inanuka petroli. Nikajifanya sikuona.

Jumapili moja watoto walikwisha panda nyuma twende kanisani. Mke wangu akasema, "Baba, zima gari. Nasikia harufu ya petroli." Nilinuna, maana tulikuwa tumechelewa. Hata hivyo nikazima, nikafungua boneti. Lo! Petroli ilikuwa ikichuruzika juu ya injini yenye moto, karibu kabisa na waya za plagi. Tukawashusha watoto upesi, tukaenda kwa miguu, tukafika mahubiri yakiwa katikati. Siku ile nilisali kwa kutetemeka.

Kesho yake mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, alinifumbua macho. Ndani ya kabureta mna kibakuli chenye boya na sindano, kama tangi la choo cha kuvuta maji. Petroli ikipanda, boya hupanda, na sindano huziba njia. Sindano hiyo imezoea presha ya ratili 3 hadi 6 tu kwa kila inchi ya mraba. Pampu ya mtambo wa nozeli husukuma ratili 40 hivi, na mara nyingine zaidi. Sindano ingewezaje kuizuia?

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kufunga pampu ya presha ndogo, chini karibu na tangi, kwa sababu pampu ya umeme husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ya pili ni kuiacha pampu ya zamani, lakini kutia kifaa cha kupunguza presha, pamoja na bomba la kurudisha tangini petroli iliyozidi. Mimi nilichagua ya kwanza. Kisha mwambie fundi apime presha kwa geji, asikisie.

Tena jambo moja. Zamani kompyuta ndiyo iliyoizima pampu injini ilipokufa. Sasa haipo. Ukipata ajali ufunguo ukiwa umewashwa, pampu itaendelea kumwaga petroli. Kwa hiyo mzee yule alifunga swichi inayofuata presha ya oili ya injini: presha ikiisha, pampu hunyamaza, isipokuwa wakati wa kupiga stata.

Bwana wetu alitufundisha habari za divai mpya na viriba vikuukuu. Kiriba changu kilikuwa karibu kupasuka juu ya vichwa vya wanangu, nami nilikuwa nikihesabu fedha nilizookoa. Basi, baba mwenzangu, mama watoto akisema anasikia petroli, usinune. Zima gari.